Kaimu Mtoto wa Jamhuri ya Pakacha

Nchi ya Pakacha usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walifika mpakani zamani, wakaambiwa afisa wa kugonga muhuri amekwenda msibani; wakasubiri siku nne, wakaishiwa mkate, wakarudi kwao. Wapakacha hawana kinyongo. Wao wenyewe wanajua walipo.

Ni nchi tulivu. Ina Rais mmoja, mawaziri sabini na wawili, na makaimu wasio na idadi, kwa sababu huko ni mwiko kiti kukaa bila mtu. Mkurugenzi akienda likizo, anakaa kaimu mkurugenzi. Kaimu akitoka kunywa chai, anakaa kaimu wa kaimu. Sanamu ya Mwasisi wa Taifa ilipopelekwa kusuguliwa kutu, karani mmoja aliteuliwa kwa barua kusimama juu ya jiwe akiwa amenyoosha mkono, na aliifanya kazi hiyo kwa uadilifu miezi mitano, hata njiwa wakamzoea.

Sasa basi. Siku moja Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Sengo Makoroga, alikwenda kuzindua choo cha kituo cha kulelea watoto katika mtaa wa Kisimachumvi. Choo kilikuwa kimekwisha kuzinduliwa na mawaziri wawili kabla yake, lakini bado kilikuwa kipya kabisa, maana muda wote kilifungwa kufuli kikisubiri kuzinduliwa. Hotuba iliingia saa ya tatu. Mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye historia ya mlango, mtoto wa miezi minane akaangua kilio.

Mheshimiwa akasimama. Akavua miwani.

"Mtoto huyu ana nini?"

Aliyembeba mtoto alikuwa mlezi wa kituo, kijana mmoja wa kike aitwaye Zawena Mbonde. Akajibu kwa adabu, "Ana njaa, Mheshimiwa."

"Njaa?" Waziri akawageukia wataalamu wake. "Tangu lini njaa ikamliza mtu mbele ya Waziri?"

Wataalamu wakanong'onezana. Mmoja akasema kwamba kwa kuwa hotuba ilikuwa nzuri, na kwa kuwa mwenye akili timamu huifurahia hotuba nzuri, basi tatizo la mtoto haliko tumboni, liko kichwani. Waziri akashtuka. Akaamuru uchunguzi wa nchi nzima, na ripoti ilipotoka ilitisha: watoto wadogo wa Pakacha, mia kwa mia, walikuwa wanalia. Wengine walilia mara mbili kwa siku. Kulikuwa na mmoja wa kule milimani aliyelia, akacheka, kisha akalia tena, bila kibali.

Ikatangazwa dharura. Na ile methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye ikafutwa kwenye vitabu vyote vya shule, kwa kuwa inachochea.

*

Zawena hakuwa na ugomvi na Serikali. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila waraka, hata uwe mrefu namna gani, mwishoni umeficha jambo jema, na aliusoma mpaka mwisho akilitafuta. Aliwalea wadogo zake sita kabla hajafika kituoni, na kama kuna jambo alilokuwa analijua duniani, ni kukaa na mtoto.

Na mtoto aliyekuwa akikaa naye zaidi alikuwa Tausi.

Tausi alikuwa na miaka minne. Mwaka uliopita mto Mpwito ulifurika, ukaingia nyumbani kwao bila hodi, ukaondoka na kabati, godoro na kuku wote. Watu walipona. Ila tangu siku ile Tausi hakutamka neno. Bibi yake alipomleta kituoni, mtoto alitazama chumba mara moja, akaingia chini ya meza ya kona, na hapo ndipo pakawa kwake.

Zawena hakumvuta. Kila asubuhi baada ya uji alikaa sakafuni kando ya meza ile, akachambua mchele au akashona vifungo vya mashati ya watoto, akanyamaza. Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Mwezi wa tatu kidole kimoja kilitoka chini ya meza kikagusa pindo la kanga yake. Mwezi wa sita vidole vitatu. Mwezi wa tisa Tausi alilishika pindo kwa kiganja kizima, na mara mbili alitoka nalo hadi mlangoni, akimwongoza Zawena kama mtu anayeswaga ng'ombe mpole.

"Atasema tu huyu," alisema Bi Kibena, mkuu wa kituo, mama mtu mzima mwenye sauti ya kuita vivuko.

"Lini, Bi mkubwa?"

"Akiwa na la kusema. Wengine wote ndio tulioanza mapema mno."

Hapo ndipo waraka ulipofika. Ulisema kwamba kufikia mwisho wa mwezi ujao, mtu yeyote asiye na Cheti cha Utulivu wa Akili za Watoto Wadogo asimkaribie mtoto kwa hatua kumi na tano. Cheti kingepatikana kwa mafunzo ya mtandaoni. Wakuu wa vituo hawakuhitajika kuhudhuria. Wao walikwisha kutumiwa vyeti vyao wiki moja kabla mafunzo hayajatungwa, kwa heshima ya vyeo.

Zawena alitoka mlangoni akatembea hadi kona ya Tausi, akihesabu kwa midomo.

"Tisa," akasema. "Kutoka mlangoni hadi kwake ni hatua tisa tu."

"Basi ukikosa cheti," alisema Bi Kibena, "utamlea ukiwa umesimama kwa muuza mihogo, ng'ambo ya barabara. Usikose, mwanangu. Huyo mtoto hana miezi tisa mingine ya kumpa mtu mgeni."

*

Mafunzo yaliitwa Mafunzo ya Mtandaoni kwa Walio Kazini, na Wizara iliyachukua maneno hayo kwa uzito wake. Mshiriki sharti awe kazini. Kwa hiyo aliingia darasani saa za kazi, akiwa mahali pa kazi, bila kufanya kazi. Lakini mtoto asionekane wala kusikika. Mtoto yeyote atakayeingia kwenye kamera, waraka ulisema, atachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mshiriki hana mazingira tulivu ya kujifunza habari za watoto, na mshiriki huyo atakuwa amefeli.

Basi ikawa kila siku saa nne walezi mia nne na kumi wa Pakacha wanawakimbia watoto. Wengine walijifungia bafuni. Mmoja alipanda juu ya dari. Zawena aliingia stoo, akaiegemeza simu kwenye gunia la unga wa uji, na Bi Kibena akawatoa watoto uani, wote isipokuwa Tausi, ambaye hakutoka chini ya meza yake kwa ajili ya Serikali yoyote.

Mkufunzi alikuwa Dakta Shemboza, Mkurugenzi wa Utulivu. Udaktari wake ulikuwa wa madaraja, ila alieleza kwamba kanuni ni ileile: kitu kikibeba mzigo bila kupiga kelele, ni kizima.

Siku ya kwanza ilikwenda hivi.

"Mnanisikia?"

"Hatukusikii, Daktari."

"Mmejuaje nimeuliza?"

Kisha sauti ya mtu anayekaanga maandazi. Kisha mama mmoja, asiyejua kwamba kipaza sauti chake kiko wazi, akasema, "Huyu naye kichwa kama boga la msimu." Watu mia nne na kumi wakazima kamera kwa pamoja wapate kucheka. Taarifa ya siku ile iliyokwenda kwa Waziri ilisema washiriki na mkufunzi wamesikilizana.

Siku ya pili lilizuka suala la mahudhurio. Sheria ya Pakacha haitambui mahudhurio yasiyo na muhuri, mtandao usiwe kisingizio. Kila mshiriki akaagizwa aufuate muhuri kwa mtendaji wa mtaa, kisha kila asubuhi augonge kwenye kioo cha simu yake, mbele ya mkufunzi. Kufikia siku ya sita vioo vyote vya nchi vilikuwa zambarau, na Dakta Shemboza alionekana kama mtu anayefundisha kutoka ndani ya biringanya.

Siku ya tisa walifika kwenye swali, Mtoto ni Nani? Lilichukua siku tatu. Jibu rasmi, ambalo Zawena aliliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, lilikuwa hili: mtoto ni raia ambaye kimo chake hakijafika kwenye dirisha la kuhudumia wananchi.

Halafu zikaja Hatua Saba za Kumtuliza Mtoto, ambazo ndizo zingetahiniwa. Ya kwanza ni mlezi kujitambulisha kwa mtoto kwa jina, cheo na daraja la mshahara. Ya pili ni kumwuliza mtoto kama kilio chake kimepitia ngazi za chini. Ya tano ni kumsomea ujumbe wa Waziri. Ya saba ni kumshukuru mtoto kwa ushirikiano wake na kumtaka atulie ndani ya siku za kazi.

Zawena akainua mkono. Alijitahidi kujizuia, lakini swali lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Daktari, samahani. Na mtoto asiyelia kabisa? Asiyesema neno, anayekaa chini ya meza?"

Uso wa zambarau wa Dakta Shemboza ukachanua.

"Halii?"

"Halii, Daktari."

"Hasemi? Haombi kitu?"

"Haombi."

"Lakini huyo ndiye!" Dakta akapiga meza. "Huyo ndiye tunayemtafuta nchi nzima! Mwandikeni jina, awe Mtoto wa Mfano. Mlezi, umemfanyaje?"

"Ni mafuriko, Daktari."

Dakta Shemboza akaandika neno mafuriko, akaliwekea mstari chini, akasema Wizara itaangalia namna ya kuyasambaza.

*

Mtihani wa vitendo ulitaka kuigawa Wizara. Kanuni za mitihani zilitaka mtahiniwa amtulize mtoto. Kanuni za mafunzo zilikataza mtoto. Kamati ilikaa wiki mbili kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoka na suluhisho ambalo Mpakacha yeyote angelitoa akiwa usingizini: pale mwenye nafasi asipokuwepo, ateuliwe kaimu.

Barua ikamwendea Bwana Hamduni Kigosi, Afisa Mwandamizi wa Masjala, umri miaka hamsini na saba, kitambi cha wastani. Iliandikwa: "Unateuliwa kuwa Kaimu Mtoto (miaka minne) kuanzia tarehe ya barua hii. Utalia kadiri utakavyoelekezwa."

Alikwenda nayo nyumbani akiwa amenyooka mgongo.

"Mke wangu, nimeteuliwa."

"Kuwa nani?"

"Mtoto."

"Ala," mkewe akasema, akiendelea kuchuja tui. "Si nafasi unayoishika tangu tuoane?"

Lakini Bwana Kigosi alikuwa mtumishi wa kweli. Alivaa bibu juu ya tai. Alikaa kwenye kiti kidogo chekundu, magoti yakimfika masikioni, mbele ya kamera ya Wizara, na chupa ya chai pembeni. Alipangiwa vilio vitatu, cha njaa, cha usingizi na cha kumwonea wivu mdogo wake, kila kimoja dakika tatu. Dakta Shemboza akipuliza filimbi, Bwana Kigosi alikatika palepale, kama bomba la mtaani. Kanuni ilikuwa nyepesi: aliyesoma Hatua zote Saba amefaulu, mtoto atulie asitulie. Watu mia mbili na kumi na wawili wakasoma, wakafaulu.

Wa mia mbili na kumi na tatu alikuwa Zawena.

"Karatasi unayo?" aliuliza Bi Kibena mlangoni mwa stoo.

"Ninayo."

"Sasa nisikilize. Soma tu. Usilete mambo yako yale ya kujikalia chini. Soma kama chiriku, upate karatasi yao, urudi kwa mtoto wako."

"Naam, Bi mkubwa."

Akaingia. Darasa zima lilikuwa linatazama, maana mitihani ya Pakacha hufanywa hadharani ili kuzuia udanganyifu na kukaribisha umbea. Bwana Kigosi akanywa funda la chai, akakohoa, akaanza kilio cha usingizi.

Zawena akasoma. Akajitambulisha kwa jina, cheo na daraja la mshahara, ambalo lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mmoja darasani alisikika akisema pole. Akasoma ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Filimbi ikalia.

Bwana Kigosi hakukatika.

"Kaimu Mtoto," akasema Dakta Shemboza. "Muda."

Kilio kikaendelea. Tena kilikuwa kimebadilika. Kile cha kwanza kilitoka shingoni kwenda juu, kama cha mtu anayesoma taarifa. Hiki kilitoka tumboni, na kiti chekundu kilikuwa kinalia nacho.

"Kaimu! Umepangiwa cha usingizi. Hicho si cha usingizi!"

"Najua, Daktari," Bwana Kigosi akajibu kwa kwikwi. "Niwie radhi. Kimekuja chenyewe."

"Mtahiniwa, endelea! Hatua ya Sita."

Zilibaki hatua mbili. Zawena alizitazama kwenye karatasi. Hatua mbili, sentensi nne kwa jumla, kisha angetoka stoo, angetembea hatua zake tisa, angekaa kwenye kona yake na hakuna waraka ambao ungemwondoa. Akafungua mdomo. Nyuma ya wino wa zambarau mzee wa watu alikuwa anajifuta pua kwa bibu, na bibu lilikuwa dogo.

Mkono ukashuka wenyewe. Zawena akaiweka karatasi juu ya gunia. Akaichukua simu, akaishusha sakafuni, akaegemeza kwenye debe, na yeye akakaa chini mbele yake, miguu ameikunja.

"Mtahiniwa, unafanya nini?"

"Nimekaa, Daktari."

"Ni hatua ya ngapi hiyo?"

"Haina namba, Daktari."

Akanyamaza. Bwana Kigosi akalia. Dakika zikapita, yule wa maandazi akasahau kuyageuza, maana sauti ya mafuta ilianza kuwa ya kuungua.

"Mpira wangu," Bwana Kigosi akasema mwishowe.

Zawena hakuharakisha. "Wa nini?"

"Wa matambara. Nilikuwa na miaka minne. Mjomba aliutia jikoni akachemshia maji ya kunyolea. Nikaambiwa mwanamume halii." Akavuta pumzi. "Sasa nimelia vilio mia mbili na kumi na viwili vya Serikali, hiki cha kwangu kimefuatia."

"Ulikuwa mpira mzuri?"

"Ulikuwa unadunda!" akasema, akaanza upya.

Hapo ndipo Zawena aliposikia ndala ndogo zikiburuta sakafuni nyuma yake. Hakugeuka. Hakuthubutu. Tausi aliingia stoo, akapita kando ya gunia, akachuchumaa mbele ya simu, akamtazama yule baba mzima mwenye bibu kwa makini, kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Mtoto!" Dakta Shemboza akapiga kelele. "Kuna mtoto! Mtoto halisi! Fumbeni macho!"

Walezi mia nne na kumi wakafumba macho, wengi wao jicho moja. Tausi akalivuta pindo la kanga ya Zawena, akalikunja kidole gumba kikiwa ndani, na akaanza kukifuta kioo cha simu, shavu la kushoto, shavu la kulia, taratibu, mpaka wino wa zambarau ukapauka na uso wa Bwana Kigosi ukaonekana wote.

Bwana Kigosi akatulia.

"Ahsante, mama," akamwambia.

Tausi akarudi zake chini ya meza.

*

Uamuzi ulisomwa siku iliyofuata. Mtahiniwa Zawena Mbonde ameacha kusoma hatua mbili. Amekaa chini ya kiwango cha daraja lake. Ametumia dakika kumi na tisa za Taifa. Na kubwa kuliko yote, ameonekana na mtoto. Kwa hiyo amefeli, wa kwanza na wa pekee hadi sasa katika Jamhuri, na mwisho wake wa kuwa mlezi ni Ijumaa saa tisa alasiri.

"Nilikwambia usome kama chiriku," alisema Bi Kibena, lakini alisema akiwa amempa mgongo, akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Zawena alikwenda kukaa kwenye kona. Hakuwahi kumdanganya Tausi, na hakuona jinsi ya kuanza siku hiyo.

"Tausi. Ijumaa nitaondoka. Sikutaka. Si kwa ajili yako, hujakosa kitu."

Vidole vikaliachia pindo la kanga. Kimoja, kingine, kingine, mpaka cha mwisho. Kisha kiganja kikarudi gizani, na siku nzima ile, na kesho yake, hakikutoka tena.

Ijumaa asubuhi Zawena alikuwa amekwisha kufunga kibeti chake. Ndipo pikipiki ya Wizara ikaingia uani na bahasha yenye mihuri kumi na mmoja. Bi Kibena akaivaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuita vivuko.

Ilikuwa hivi. Kamati ilipopitia kumbukumbu za kikao iligundua jambo zito: mtoto halisi ameonekana ametulia mbele ya Bwana Hamduni Kigosi. Katika historia ya Wizara ya Utulivu hakuna mtumishi mwingine aliyewahi kuonekana na mtoto, achilia mbali aliyetulia. Bwana Kigosi amepewa Cheti Namba Moja cha Heshima na kupandishwa kuwa Mkurugenzi wa Watoto Halisi. Kwa maana hiyo kiti cha Kaimu Mtoto kiko wazi, na katika Jamhuri ya Pakacha kiti hakikai wazi.

"'Mteuliwa,'" Bi Kibena akasoma, "'awe na uzoefu wa kukaa sakafuni. Asiwe na cheti, kwa kuwa mtoto hana cheti. Na awe amezuiwa kulea watoto, ili kuepuka mgongano wa maslahi. Mkurugenzi mpya, baada ya kutafuta nchi nzima, amempata mtu mmoja tu mwenye sifa hizo.'" Akainua macho. "Wee Zawena!"

"Bi mkubwa?"

"Umeteuliwa kuwa mtoto."

Zawena akaketi juu ya ndoo.

"'Majukumu: kucheza, kulia inapobidi, kulala mchana. Kwa kuwa kiti kidogo cha Wizara kilivunjika wakati wa kilio cha mtangulizi wako, utaripoti kituo chochote chenye viti vya aina hiyo, kuanzia Jumatatu.' Na hapa chini Mkurugenzi ameongeza kwa kalamu: 'Naomba iwe Kisimachumvi.'"

"Lakini hatua kumi na tano, Bi mkubwa. Sina cheti. Nitamkaribiaje?"

"Waraka unamkataza mtu asiye na cheti kumkaribia mtoto. Wewe ni mtoto. Watoto wangekatazwa kukaribiana wangekwenda wapi?" Bi Kibena akaikunja barua, akaitia kifuani, kisha akabadilisha sauti. "Na wewe ukiwa mtoto kituoni kwangu, unanawa mikono kabla ya uji. Sitaki kudekezana."

*

Jumatatu Bi Kibena alifuata taratibu zote. Alimpima Zawena kimo mlangoni, akaandika juu ya rangi ya ukuta ambapo hakuna alama iliyowahi kufika. Akamwuliza kama anajikojolea. Akamsimamisha mbele ya watoto wote.

"Leo tuna mtoto mgeni. Mwambieni karibu."

"Ka-ri-bu!" wakaimba, kisha wakaanguka kwa kicheko, kwa sababu mgeni alikuwa mkubwa kuliko kabati. Mvulana mmoja akamwonya kwamba kikombe cha bluu ni chake na asije akakigusa. Zawena akaahidi.

Baada ya uji, mtoto mgeni alitafuta mahali pa kukaa. Viti vidogo vilikuwa vimejaa. Akaenda kwenye kona, lakini safari hii hakukaa kando ya meza na mchele wake wa kuchambua, maana sasa hakuwa na kazi ya kuchambua. Aliinama, akapiga magoti, akaingia chini ya meza, kichwa kikigonga ubao, miguu ikibaki nje.

Kulikuwa na giza kidogo. Kulikuwa na harufu ya sabuni na ya uji uliokauka. Tausi alikuwa amejikunja mwishoni kabisa, magoti kifuani, akimtazama.

Zawena akangoja. Alijua kungoja.

Tausi akaitazama ile miguu iliyobaki nje. Akautazama uso. Akawa kama mwenyeji aliyeletewa mgeni bila kuambiwa mapema, anayefikiria ampe kigoda au mkeka. Kisha akasema, kwa sauti kavu kama mlango usiofunguliwa muda mrefu:

"Unaitwa nani?"

Zawena alilisahau jina lake. Ilimchukua muda kulipata.

"Zawena."

"Mimi Tausi." Akasogea akaacha nafasi ukutani, akapapasa pale mahali kwa kiganja ili mgeni aone. "Ukitaka kulia, lia tu. Mimi nitakaa hapa."

Zawena akalia. Alilia sana, bila filimbi, mpaka Bi Kibena akaja akainama kutazama kuna nini, akaona, akaondoka kwa ncha za vidole, yeye asiyejua kutembea kwa ncha za vidole. Na kwa kuwa kulia kulikuwa kumeandikwa waziwazi kwenye barua ya uteuzi, hakuna ofisi yoyote katika Jamhuri ya Pakacha iliyoweza kumwandikia onyo.